Maji Safi Yamfuate Mkulima Shambani

(Hotuba ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo, Bonde la Kilombero)



Najua msimu umekaribia. Wengine wenu mmekwisha noa majembe. Wengine mmekwisha kwenda kuangalia kama dungu la mwaka jana bado limesimama. Baada ya muda mfupi nyumba nyingi hapa kijijini zitabaki na wazee na watoto wa shule. Watu wa kazi watakuwa bondeni kwenye mpunga, pamoja na watoto wachanga wasioweza kuachwa nyuma. Watakaa huko miezi mingi, mpaka mavuno.

Leo sitazungumza juu ya mpunga. Katika mpunga ninyi ndio walimu, mimi ni mwanafunzi. Leo nataka tuzungumze juu ya maji ya kunywa huko shambani. Nataka tuone jinsi jamaa wachache wakiungana wanavyoweza kufunga mapipa mawili juu ya mkokoteni, wakapata mtambo mdogo wa kusafishia maji. Mtambo huo utakwenda kila mahali kazi inapokwenda.

KWA NINI MAJI YA SHAMBANI?

Tunapohamia shambani tunabeba sufuria, chandarua, jembe na mbegu. Lakini kisima cha pampu hatukibebi. Choo hatukibebi. Zahanati hatuibebi. Vyote hivyo tunaviacha nyuma. Huko tunachota maji mtoni, au kwenye dimbwi, au kwenye kishimo tulichochimba kwa jembe pembeni ya jaruba.

Sasa fikirini masika. Maji yanateremka kutoka Milima ya Udzungwa. Yanapita mashambani, njiani na malishoni. Yanabeba tope, samadi na kinyesi cha watu. Mto Lumemo ukifurika, hata watu wa Ifakara mjini wanalala macho wazi. Mwezi Aprili mwaka 2024 mafuriko makubwa yalilikumba bonde letu hili na ndugu zetu wa Rufiji kule chini. Maji ya mafuriko yakiingia chooni, kisha yakaingia kisimani, basi choo na kisima vimekwisha kuwa kitu kimoja.

Ugonjwa wa kipindupindu unatembea kwa njia hiyo hiyo. Wadudu wake hutoka katika kinyesi cha mgonjwa, huingia katika maji au chakula, na kisha huingia kinywani mwa mtu mwingine. Mwezi Agosti mwaka 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam. Kilienea katika mikoa mingi ya Tanzania Bara, na mkoa wetu wa Morogoro haukusalimika. Mtu mwenye kipindupindu kikali anaharisha maji matupu na kutapika. Asipotibiwa anaweza kufa kwa saa chache tu.

Saa chache, ndugu zangu! Na kutoka dunguni mpaka zahanati ni mwendo gani wakati wa masika? Kuna tope, kuna mito ya kuvuka, pengine na mtumbwi wa kusubiri. Pigeni hesabu wenyewe. Kwa mtu anayekaa shambani, kinga ndiyo zahanati yake ya kwanza.

KIDONGE KIMOJA KATIKA PIPA

Wazee waliopo hapa wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana. Kisha wakatoka wakachimba vyoo. Maneno waliyosoma waliyageuza kuwa kazi ya mikono. Na sisi tufanye hivyo hivyo.

Nitawaeleza jambo lililonipata nikifundisha kisomo katika kijiji kimoja cha bonde hili. Jioni moja somo letu lilikuwa kusoma maandishi ya madukani. Niliwaomba wanakisomo waje na pakiti yoyote waliyo nayo nyumbani. Mmoja alileta pakiti ya chumvi, mwingine ya majani ya chai. Mama mmoja alileta pakiti ya vidonge vya kutibu maji.

Alisimama akasoma polepole, kidole kikifuata mstari: "Ki-do-nge ki-mo-ja, li-ta i-shi-ri-ni." Kisha akanyamaza. Nikadhani ameshindwa neno linalofuata. Kumbe hakushindwa. Aliniuliza, "Mwalimu, pipa ni lita ngapi?" Nikamjibu kwamba pipa kubwa ni lita 200. Akasema, "Basi mimi tangu mwaka jana natumbukiza kidonge kimoja katika pipa."

Darasa zima lilikaa kimya. Tukapiga hesabu ubaoni. Lita 200 gawanya kwa 20 ni 10. Pipa lile lilihitaji vidonge 10. Yeye alitia kimoja. Watoto wake walikuwa wakiharisha mara kwa mara, naye alikuwa akisema dawa ile ni ya uongo. Dawa haikuwa ya uongo, kipimo ndicho kilichokuwa pungufu.

Mama yule hakuwa mzembe. Alinunua dawa kwa fedha yake ya jasho, na aliitumia. Alikosa kitu kimoja tu, kusoma mstari mmoja. Jioni ile aliupata. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza kisomo kina faida gani kwa mkulima, namweleza habari ya pipa lile.

MAJI MEUPE SI LAZIMA YAWE SALAMA

Kabla hatujafunga mapipa yetu, nataka niwape mfano wa mbali kidogo.

Huko Uingereza wako watu ambao kazi yao ni kuosha madirisha ya vioo. Baadhi yao wana gari dogo lenye tangi la maji na mtambo wa kusafishia maji ndani yake. Kwa nini wasafishe maji ya kuoshea dirisha? Kwa sababu maji ya bomba yana chokaa na chumvichumvi iliyoyeyuka. Akina mama mnaijua chokaa hiyo. Katika sehemu zenye maji magumu, sufuria ya kuchemshia maji huota utando mweupe ndani. Juu ya kioo nako maji hayo yakikauka huacha madoadoa.

Kwa hiyo watu wale hupitisha maji katika hatua. Kwanza, chujio la kuzuia mchanga na takataka. Pili, mkaa maalumu wa kuondoa klorini, kwa sababu klorini huharibu chujio linalofuata. Tatu, utando mwembamba sana unaozuia karibu chumvi yote. Mwisho, punje maalumu zinazonasa chumvi iliyobaki. Kisha hupima kwa kipimo kidogo. Kipimo kikisoma sifuri, wanaanza kazi. Pampu inayotumia betri husukuma maji katika mpira mrefu hadi kwenye brashi ya juu ya dirisha, na kioo hukauka bila doa.

Tunajifunza nini hapo? Tunajifunza mambo matatu.

La kwanza, ni lazima kufuata utaratibu. Takataka huondolewa kwanza, ndipo kazi nyingine ifuate. Ukiruka hatua, unaharibu zinazofuata.

La pili, watu wale wanapima. Hawaangalii kwa macho wakasema "inatosha".

La tatu ni kubwa kuliko yote. Maji yale ni meupe kupita maji yote mliyowahi kuona, lakini yametengenezwa kwa ajili ya kioo. Klorini imeondolewa, hivyo hakuna kinachozuia wadudu kuzaliana ndani ya tangi. Na kipimo chao hupima chumvi, hakioni wadudu. Basi maji yanaweza kung'aa kama kioo na bado yakaleta kuhara. Anayeangalia maji ya kishimo na kusema "mbona ni meupe" asiridhike. Jicho halioni mdudu wa kipindupindu.

NAMNA YA KUFUNGA MAPIPA

Sasa tuje kwetu. Sisi hatuhitaji utando wala betri. Tunahitaji vitu hivi:

Mkokoteni wa ng'ombe, au trela la pawatila, au guta. Pipa moja kubwa la plastiki la lita 200. Pipa moja dogo la plastiki la lita 60, lenye mfuniko. Koki mbili. Kipande cha mpira wa maji. Khanga moja kuukuu iliyofuliwa vizuri. Ndoo ya lita 20. Kamba imara. Vidonge vya kutibu maji. Daftari na kalamu.

Kwa nini mapipa ya plastiki? Klorini inakula chuma. Ukitia dawa katika pipa la chuma lenye kutu, dawa inapotea kwa kupambana na kutu badala ya kuua wadudu. Tena chagueni mapipa yasiyopitisha mwanga, maana jua nalo hupunguza nguvu ya dawa.

Pipa kubwa tutaliita pipa la kutuliza. Pipa dogo tutaliita pipa la kunywa.

Toboeni pipa la kutuliza ubavuni, kiganja kimoja kutoka chini, mkafunge koki hapo. Msiifunge chini kabisa. Tope litatulia chini, na koki ikiwa chini kabisa itavuta tope badala ya maji. Pipa la kunywa lifungiwe koki karibu na chini, ili watu wateke kwa kufungua koki. Mtu asitumbukize kikombe wala mkono. Mkono mmoja mchafu unaweza kuharibu maji ya jamaa wote.

Pipa la kutuliza liwekwe juu ya jukwaa imara la mbao, na pipa la kunywa liwe chini yake. Maji yatateremka yenyewe kwa mpira, na hamtahitaji pampu.

Jambo la uzito msilidharau. Lita moja ya maji ni kilo moja. Pipa la lita 200 likijaa ni kilo 200, zaidi ya magunia mawili ya kilo 90. Uzito huo ukae juu ya ekseli, yaani kile chuma kinachobeba magurudumu. Ukikaa nyuma sana, mkokoteni utainua nira na kuwakaba ng'ombe. Ukikaa mbele sana, utawalemea shingoni. Fungeni mapipa kwa kamba pande zote, na wekeni vipande vya mbao chini yasiteleze.

Kama huko mwendako kuna maji, safirini na mapipa matupu, mkajaze mkifika. Kama ni lazima kusafiri na maji, jazeni pipa mpaka juu na kulifunika. Pipa la nusu ni hatari. Maji huyumba huku na huku, na penye shimo mkokoteni unaweza kupinduka.

HATUA NNE ZA KUSAFISHA

Hatua ya kwanza ni kutuliza. Jioni jazeni pipa la kutuliza, mlifunike, mliache lilale mpaka asubuhi bila kutikiswa. Tope nyingi itashuka chini. Kama maji ni ya tope sana, tumieni mbegu za mlonge. Kwa ndoo ya lita 20 yenye tope la kadiri, chukueni mbegu 10 zilizokauka. Menyeni, twangeni ziwe unga, changanyeni na maji kidogo, mimineni ndani ya ndoo. Korogeni haraka kwa dakika moja, kisha polepole kwa dakika tano. Halafu mimineni katika pipa na kuliacha litulie. Unga wa mlonge hushika tope na kushuka nalo. Lakini hauui wadudu wote, wala maji yake hayafai kukaa siku nyingi juu ya masimbi yale. Kila siku mwageni masimbi na kusuuza pipa.

Hatua ya pili ni kuchuja. Kunjeni khanga kuukuu mara nne, mfunge juu ya mdomo wa pipa la kunywa. Fungueni koki ya juu, maji yapite katika khanga. Msidhani hili ni jambo dogo. Huko Bangladesh akina mama walifundishwa kuchuja maji kwa sari kuukuu iliyokunjwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003: kipindupindu kilipungua karibu nusu. Sababu ni kwamba wadudu wa kipindupindu hupenda kushikamana na viumbe vidogo vya majini, na viumbe hivyo hunaswa na nguo. Lakini kumbukeni, nusu nyingine ilibaki. Kwa hiyo hatua ya tatu ni lazima.

Hatua ya tatu ni kutia dawa. Kwanza wekeni alama katika pipa la kunywa. Mimineni ndoo moja ya lita 20, pigeni mstari wa rangi, andikeni 20. Ya pili, andikeni 40. Ya tatu, andikeni 60. Hapo pipa lenu limekuwa kipimo. Sasa someni pakiti. Kama imeandikwa kidonge kimoja kwa lita 20, basi lita 60 ni vidonge 3. Vidonge vya madukani si vyote sawa. Viko vidogo na vikubwa, ndiyo maana nasema someni pakiti mliyo nayo mkononi. Someni pia inasemaje kuhusu maji yenye tope, maana tope hula dawa. Korogeni, funikeni, subirini dakika 30. Baada ya hapo maji yawe na harufu hafifu ya dawa. Harufu hiyo ndiyo mlinzi wenu. Watoto wakilalamika, waelezeni.

Hatua ya nne ni kutunza. Pipa la kunywa lifunikwe na likae kivulini. Maji ya leo yanywewe leo. Nguvu ya dawa hupungua, na kesho mtaanza upya. Khanga ya kuchujia ifuliwe kila siku na kuanikwa juani.

Mtaniuliza, kwa nini tusitengeneze chujio la mchanga juu ya mkokoteni? Ni swali zuri. Chujio la mchanga la kupitisha maji polepole hufanya kazi kwa sababu juu ya mchanga huota utando wa viumbe vidogo wanaokula wadudu wabaya. Utando huo unahitaji wiki kadhaa kuota, na unataka utulivu. Njia zetu mnazijua. Kila shimo litaupasua. Chujio hilo linafaa nyumbani, mahali pasipotikisika.

NANI ATASHIKA DAFTARI?

Mkokoteni mmoja unaweza kuhudumia jamaa watatu au wanne wenye mashamba yanayopakana. Changeni fedha pamoja. Kisha mchague mtu mmoja wa kushika daftari. Kila siku aandike tarehe, lita zilizotiwa dawa, idadi ya vidonge, na jina la aliyevitia. Aandike pia kama kuna mtu anaharisha. Daftari hilo litawaonyesha vidonge vimebaki vingapi, ili mnunue kabla havijaisha. Na ugonjwa ukitokea, mtamwonyesha mganga wa zahanati jambo la kweli badala ya kukisia.

Wako wahitimu wanaosema, "Nimemaliza kisomo, sasa sina cha kuandika." Andikeni hayo!

TAHADHARI

Kwanza, msitumie kamwe dumu lililokuwa na dawa ya magugu au ya wadudu. Hata mkiliosha mara ishirini, sumu inabaki katika plastiki. Klorini haiondoi sumu, kuchemsha hakuondoi sumu, khanga haichuji sumu. Madumu hayo yatobolewe yasitumike tena. Wala msichote maji ya kunywa kwenye jaruba lililopuliziwa dawa.

Pili, vidonge vikiisha, chemsheni maji mpaka yatokote kwa nguvu, kisha yapoe ndani ya chombo chenye mfuniko. Kuni ikikosekana na jua ni kali, jazeni maji yaliyochujwa katika chupa za plastiki zinazopitisha mwanga, zisizozidi lita mbili, mzilaze juani saa 6. Kukiwa na mawingu, siku 2.

Tatu, maji safi bila choo ni kazi bure. Hata shambani chimbeni shimo la choo mbali na maji, na mnawe mikono kwa sabuni.

Nne, kila dungu liwe na pakiti za ORS. Mtu akianza kuharisha, mpeni ORS hapo hapo, iliyokorogwa katika maji salama kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mtoto mchanga aendelee kunyonya. Kisha safari ya zahanati ianze mara moja, huku mgonjwa anaendelea kunywa njiani.

Ndugu zangu, mto utaendelea kuwa mto, na mvua itanyesha inavyotaka. Hatuwezi kuyazuia hayo. Lakini tunaweza kusoma mstari mmoja, kupima lita, na kuhesabu vidonge. Msimu huu, mnapofunga mizigo, mapipa mawili yawemo. Na anayeketi karibu na pipa awe mtu aliyesoma pakiti.

Nawatakia msimu mwema. Mrudi salama wote, wakubwa kwa wadogo.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Shambani kwenu mnachota wapi maji ya kunywa? Choo kiko umbali gani kutoka hapo?

2. Pakiti imeandikwa kidonge kimoja kwa lita 20. Pipa lina lita 40 tu leo. Mtatia vidonge vingapi?

3. Kwa nini koki ya pipa la kutuliza haifungwi chini kabisa?

4. Jirani anasema, "Maji yetu ni meupe, hayahitaji dawa." Mtamjibu nini?

5. Ni jamaa gani mnaoweza kuungana nao kununua mapipa kabla ya masika? Andikeni majina na kiasi atakachochanga kila mmoja.